Shahada ya Miezi Kumi na Minne

Jumapili ile, saa tisa alasiri, Karani alisimama mbele ya mlango wa kina Fundi akiliweka sawa gauni lake la bluu, maana lilikuwa limempwaya. Hakuwa amelivaa kwa zaidi ya mwaka. Mkobani alikuwa na bahasha ngumu ya kahawia, na ndani yake karatasi moja tu. Alama za somo la mwisho zilitoka Alhamisi mchana, wakati anamsomesha mzee mmoja ubao wa herufi kwenye kliniki ya macho. Alipoziona kwenye simu alimwambia, "Umefaulu, baba!" ilhali mzee wa watu hata mstari wa tatu alikuwa hajauona.

Hakumwambia Fundi. Alimficha Alhamisi, akamficha Ijumaa, Jumamosi akazima simu kabisa asije akaropoka. Alitaka amwambie mbele ya mama yake, kwa sababu mama ndiye aliyeweka sharti.

Pale kliniki yeye ndiye aliyeandikisha wagonjwa, akawaita kwa zamu na kuwasimamisha mbele ya ubao wa herufi, ndiyo maana kila mtu, hata daktari, alimwita Karani. Fundi alikuwa chumba cha nyuma akisaga lenzi. Mikono yake haikukosa vumbi la kioo. Alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kwa utulivu, jicho hili kisha lile, kama anayepima nafasi iliyopo kati ya macho hayo. Siku ya kwanza Karani alipotazamwa hivyo, aliandika jina la mgonjwa mmoja kwenye kadi mbili. Wiki iliyofuata alivunja miwani yake makusudi ili apimwe tena.

Walipendana miaka miwili. Kisha mchana mmoja, mashine imezimwa na wawili wale wamekaa magoti yakigusana, Fundi akamwambia:

"Mama amekubali. Lakini ana sharti."

"Lipi hilo?"

"Anasema mke wangu lazima awe na shahada. Unamjua mama. Amekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini. Kwake mtu asiye na shahada ni kama ametoka nje bila viatu."

Karani alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Shahada yoyote?"

Fundi alitazama pembeni kidogo, kama mtu anayetafuta neno. "Teknolojia. Ya kompyuta. Kitu kizito."

Mwingine angelia. Karani alibandua kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa imesahauliwa ukutani, akaigeuza nyuma palipokuwa peupe, akaomba kalamu. Kwa siku tatu aliandikia vyuo vinavyofundisha kwa mtandao, akauliza maswali mpaka wakamchoka. Siku ya nne alimwita Fundi waitandaze kalenda ile juu ya meza ya fremu.

"Tazama. Masomo yote ni arobaini. Mimi nina stashahada ya kompyuta za ofisini, ile niliyosoma zamani. Nimepata chuo kinachoyakubali masomo yangu kumi na tisa. Yanabaki ishirini na moja."

"Hmm."

"Sita kati ya hayo si lazima kuyahudhuria. Unasoma mwenyewe, unalipia mtihani tu, ukishinda somo limehesabiwa. Miezi miwili. Yanabaki kumi na matano. Sasa sikiliza utamu wake: hiki chuo hakitozi kwa somo, kinatoza kwa muhula. Ndani ya miezi sita ukimaliza mawili, sawa, ukimaliza manane, ada ni ile ile. Kwa hiyo mtu mwenye haraka ndiye anayesoma kwa bei nafuu. Mihula miwili, nimemaliza."

Fundi alihesabu kwa vidole. "Miezi kumi na minne?"

"Nimerudia hesabu mara tatu."

"Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, mpenzi. Watu wenye kazi zao humaliza kwa miaka minne, mitano." Akamshika kidevu kwa ule mkono wake wenye vumbi, akamtazama jicho hili, kisha lile. "Usijiue. Chukua hata miaka minne. Mimi nipo hapa hapa."

Karani alimpenda upya kwa maneno yale. Usiku aliyarudia kichwani kama mtu anayelamba sukari kidogo kidogo isiishe.

Na kweli alisoma. Alikuwa anaishi na dada yake mkubwa, msusi, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Dada alilipa muhula wa kwanza bila kuulizwa, akamshikia daftari la maswali huku mikono yake ikisuka. Wateja walikaa chini ya mikono ile saa nne nzima, wakaondoka wanajua kanzidata ni nini. Karani alisoma kwenye laptopu ya zamani ya Fundi, yenye vitufe viwili vilivyong'oka. Alisinzia kwenye foleni, alisinzia bafuni, siku moja alisinzia amesimama mbele ya mgonjwa aliyeziba jicho moja. Jumapili zake na Fundi zilikufa moja moja. Mwanzoni alikuwa akimwambia "leo siwezi" na Fundi akinung'unika. Baadaye akimwambia "leo siwezi," Fundi anasema "hamna shida." Miezi minne ya mwisho Fundi alikuwa anatoka kazini mapema, na akizungumza naye macho yake yanatua begani. Karani alidhani anampa nafasi asome.

Sasa mlango ulifunguka. Aliyefungua ni Mwalimu Mkuu mwenyewe. Alikuwa amestaafu lakini bado anasimama kama mbele yake kuna mistari ya wanafunzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Nani amekuita?"

"Hakuna, mama. Nilitaka kuwafanyia..."

"Haidhuru. Umefika wakati mzuri, yule msichana wa kazi anaumwa. Sinia liko jikoni, glasi zioshe kwanza. Wageni wana kiu."

Moyo wa Karani uliruka kwa furaha. Aliambiwa aingie jikoni! Mara zote mbili alizowahi kufika hapa alikalishwa barazani kama mtu aliyeleta barua. Aliuweka mkoba juu ya kabati, akakunja mikono ya gauni, akaosha glasi kumi na mbili na kuzifuta mpaka zikalia. Nikimaliza kuwapa juisi, alijiambia, nitampa bahasha mbele ya wageni wake. Atajisikia fahari.

Sebuleni kulikuwa na watu tisa, wamevaa vizuri, wanaongea kwa ule ucheshi wa watu wanaoheshimiana kwa muda. Fundi alikuwa amekaa kwenye kochi refu, amevaa suti. Alimwona Karani na sinia. Alitazama zulia.

Karani alimtabasamia kwa siri. Alizunguka, akipiga goti kidogo mbele ya kila mkubwa. "Karibu baba. Karibu mama." Kando ya Fundi kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na kitu, uso mviringo, mikono ameifumbata mapajani kwa woga. Alipopokea glasi alinong'ona, "Asante sana, dada."

Mzee mmoja mnene alipiga kifua kwa kuridhika baada ya kunywa. "Basi, Mwalimu, sisi upande wa binti hatuna la kuongeza. Vijana wamependana, tarehe tumeipata, mwezi ujao si mbali. Lakini hujatutambulisha huyu binti mwingine. Ni wifi yetu?"

Watu walicheka. Mwalimu Mkuu alicheka pia.

"Hapana! Huyu ni karani wa pale kazini kwa mwanangu. Amekuja kutusaidia kupokea wageni. Wanapendana sana kazini kwao."

Sinia halikuanguka. Karani alilishikilia mpaka vidole vikaingia ganzi, akamaliza kugawa glasi tatu zilizobaki, moja, ya pili, ya tatu, na ya mwisho ikawa ya Fundi.

"Karibu, shemeji," alisema.

Fundi aliipokea huku anatazama zulia tena. Juisi ilimwagika kwenye suti.

Karani alirudi jikoni, akaegemea sinki. Alisikia viatu vya Mwalimu Mkuu nyuma yake, akageuka kabla hajaguswa.

"Mama," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "nimemaliza."

"Umemaliza nini? Keki haijakatwa."

"Shahada. Ile uliyosema." Alifungua mkoba, akaitoa bahasha, akaitoa karatasi. "Ya teknolojia. Nimefaulu masomo yote. Sikuchukua miaka minne, mama, nimechukua miezi kumi na minne. Kama ni kuchelewa, nimechelewa wapi? Ungeniambia kuna tarehe ningekimbia zaidi."

Mwalimu Mkuu aliitwaa karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Kisha akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake.

"Hongera. Ni kazi ngumu hii. Lakini mimi sikuwahi kukutuma usome."

"Sharti lako..."

"Sharti gani, mwanangu? Mwanangu alipokutaja nilimwambia neno moja: hapana. Sikusema hapana mpaka hivi au vile. Karani asiye na wazazi, anayelelewa na msusi, sikutaka. Ungekuja na shahada tano ningesema hapana tano." Alimrudishia karatasi. "Habari za shahada muulize aliyekwambia. Yule binti pale sebuleni hakumaliza hata sekondari, na sijamdai cheti. Baba yake na marehemu mume wangu walikuwa marafiki."

Alichukua kisu cha keki. Akiwa mlangoni aligeuka.

"Na ile laptopu ya mwanangu, umekuja nayo? Aliniambia aliiazimisha."

Karani alimkuta Fundi uani, kwenye kamba za nguo, anajifuta suti kwa leso. Hapakuwa na pa kukimbilia. Ukuta nyuma, mashuka pande mbili.

"Niambie mama yako amesema uongo," Karani alisema. "Niambie tu hivyo na nitakuamini."

"Punguza sauti."

"Sharti alitoa nani?"

Fundi alikunja leso. Aliifungua, akaikunja tena.

"Alisema hapana," alisema mwishowe. "Siku ile ile nilipomwambia. Nilikuja chumba cha kusagia nikiwa nimejiandaa kukuambia. Ulikuwa umeniletea chakula. Ulikuwa unafurahi. Nikashindwa."

"Ukashindwa kuniambia hapana, ukaniambia nisome."

"Nilitaka upate kitu cha kufanya. Nilijua ukiambiwa hapana utalia, na mimi siwezi kukuona unalia. Nikasema, akianza shahada, na kazi, na umaskini, atachoka. Ataacha mwenyewe. Au tutazoea kuwa mbali mbali, itakufa polepole bila mtu kuumia." Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa kweli alikuwa anahuzunika, mjinga yule. "Nilidhani utachukua miaka minne. Ndani ya miaka minne ungekuwa umenisahau. Nani anasoma shahada kwa miezi kumi na minne?"

"Mimi."

"Ndiyo. Wewe." Alisema kama analalamika. "Umeharakisha mno."

Karani alimtazama. Alikumbuka kidevu chake mkononi mwa mtu huyu, na yale maneno, chukua hata miaka minne. Alikuwa ameyalamba mwaka mzima.

"Kwa nini ulisema teknolojia? Ungesema chochote. Ungesema historia."

Fundi alishusha sauti. "Nilichagua iliyo ngumu."

Karani hakumpiga. Mkono ulinyanyuka nusu, ukarudi. Alichofanya ni kumtazama jicho hili, kisha lile, kwa utulivu, mpaka Fundi ndiye akageuza uso.

"Unampenda?"

"Ni binti mzuri. Ni mtulivu."

"Sijauliza hivyo."

"Nitampenda," alisema Fundi. "Nakuomba usimwambie. Hana kosa. Hajui kabisa kuhusu wewe." Kisha akafanya kitu ambacho Karani hakumsamehe hata baadaye alipomsamehe mengine: akamkamata kiganja, akakibusu haraka haraka huku anachungulia mlango, na akaingia ndani.

Karani alibaki na mashuka. Alikuwa anajikaza asilie aweze kupita sebuleni na kuondoka kama mtu, ndipo akasikia nyayo nyepesi. Alikuwa yule binti. Alisimama mbali kidogo, amekunja kikaratasi mkononi.

"Samahani, dada. Usikasirike. Nilikuwa napita chooni nikasikia mnazungumza na mama jikoni. Sikusikia vyote," alisema upesi, "nimesikia tu kwamba umemaliza shahada ya kompyuta. Kwa mtandao. Ukiwa kazini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Uso wa binti ulifunguka kama dirisha. Alisogea.

"Mimi niliacha shule mama alipougua, nikamuuguza mpaka akafariki. Sasa napenda sana mambo ya kompyuta, dada, simu za mtaa mzima nazitengeneza mimi, nambari za siri wamesahau, nini, wananiletea. Nimeandika maswali." Alikunjua kikaratasi. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa uangalifu, swali kwa mstari. "Kwamba ukiwa hukumaliza sekondari kuna pa kuanzia? Kwamba kuna njia ya haraka? Kwamba ni bei gani, maana sitaki kumwomba mume wangu pesa tangu mwanzo. Mama mkwe anasema shahada za mtandao ni za kudanganyia watu, na mtu kama mimi haziwezi. Nikasema nikikutana na mtu aliyesoma nitamuuliza yeye. Mungu amekuleta."

Karani alikuwa na majibu yote. Alijua kozi ya maandalizi isiyodai cheti cha sekondari, alijua chuo kinachoitambua. Yote yalikuwa mgongoni mwa kalenda, na kalenda ilikuwa nyumbani imekunjwa chini ya godoro. Angeweza kumwambia binti huyu hapo hapo, kwa dakika kumi, njia nzima.

Alimtazama mikono. Kwenye kidole kulikuwa na pete mpya, nyembamba, yenye kijiwe. Karani alikuwa ameiona ile pete. Alikuwa ameionyesha mwenyewe kwa Fundi, kwenye dirisha la duka, miaka miwili nyuma.

"Mama mkwe wako amesema kweli," alisema.

Binti alipepesa macho. "Kwamba..."

"Haiwezekani. Bila sekondari hawakugusi. Na hata ukipata pa kuanzia, ni miaka saba, minane. Kichwa chako kitachoka kabla hujafika popote. Mimi nilikuwa na stashahada ndiyo maana." Sauti yake ilikuwa laini, ya dada kwa mdogo wake, ile ile anayowasemesha wagonjwa. "Tulia na ndoa yako. Usijipe presha bure."

Alimwona anavyozima. Binti alikubali mara moja, hilo ndilo lililoshangaza. Alikunja kikaratasi kikawa kidogo, kidogo zaidi, mpaka kikawa kama kidonge, na alipokosa pa kukitupa akakiingiza kwenye mkono wa gauni.

"Asante, dada," alisema. Na alimaanisha. "Wengine wangenidanganya nipoteze miaka yangu. Asante kwa kuniambia ukweli."

Akamkumbatia. Alikuwa na harufu ya sabuni. Kisha akarudi ndani kukaa pale alipowekwa.

Karani alipita sebuleni akiwa ameinua kichwa. Aliaga wakubwa mmoja mmoja. Mzee mnene alimwambia asikose harusini. Alisema hatakosa.

Dada yake alikuwa anamsubiri ng'ambo ya barabara kwenye benchi la kituo cha basi, boksi la keki mapajani. Alikuwa amefunga saluni mchana kwa ajili hiyo. Alimwona mdogo wake anavuka bila kutazama magari, akajua. Alimvuta, akamkalisha, akamzungushia mkono mabegani, na Karani akamweleza yote kwa mpangilio, kama anayesoma kadi ya mgonjwa: sinia, glasi, bahasha, mashuka, pete.

"Nitaingia mle ndani," Dada alisema. "Nitamkata huyo mama kipara. Nina mkasi mkobani. Na huyo fundi wako nitampaka dawa ya nywele mdomoni, asidanganye mtoto wa mtu tena. Lia. Lia, mama, yatoke."

"Silii."

"Na huyo binti? Ulimwambia ni mtu wa namna gani anaolewa naye?"

"Hapana. Hilo hakuniuliza."

"Alikuuliza nini?"

Basi lilifika, watu wakashuka, wengine wakapanda, likaondoka. Karani alimweleza kuhusu kikaratasi, na simu za mtaa mzima, na mama aliyeuguzwa mpaka akafa.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia haiwezekani."

Dada aligeuza uso, akatazama mbele. Alikuwa amelipa muhula wa kwanza wa shahada ile kwa vidole vyake. Yeye mwenyewe hakumaliza sekondari. Aliacha ili mdogo wake aendelee.

"Lakini inawezekana," alisema taratibu.

"Najua."

Dada aliendelea kutazama mbele, ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ile ambayo sasa walikuwa wanapiga vigelegele. Kisha, bila hasira, kama mtu aliyechoka kubeba kitu, aliuondoa mkono wake mabegani mwa Karani, akalishika boksi la keki kwa mikono miwili.